Mnunuzi wa Malka

Galgalo alinyoosha mkono wa kulia, akauteremshia shali kutoka begani, akangoja. Chini ya shali vidole vyake vilikuwa wazi, tayari kupokea vidole vya Mohamed, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Malindi, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kununua hata ndama katika mnada wa Garsen bila Galgalo kusimama katikati. Fahali aliyekuwa akiuzwa alikuwa mweupe, nundu imesimama vizuri licha ya kiangazi. Mwenye fahali alikwisha kutoa bei yake. Ilibaki ya Mohamed.

Mohamed aliutazama mkono uliofunikwa, kisha akaiweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Huo siushiki leo," akasema. "Huo umenunua mto. Mimi natafuta ng'ombe tu."

Watu waliosimama karibu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Mwenye fahali akavuta kamba yake, akaenda kumtafuta dalali mwingine bila kuaga. Galgalo akabaki na mkono wake katikati ya vumbi na mikojo ya ng'ombe, kama mtu aliyeomba maji akasahauliwa.

"Mohamed," alisema kwa sauti ya chini, "yale yalikuwa maswali ya utafiti tu."

"Najua. Lakini sheria ya mnada ni wewe uliyenifundisha. Kiganja kimepigwa, mnunuzi hayupo. Haya, nani kanunua?"

Jibu Galgalo alikuwa nalo. Akairudisha shali begani.

Madalali wa ng'ombe wa rika lake hawataji bei kwa mdomo. Dalali huushika mkono wa muuzaji chini ya shali, na muuzaji huibana bei yake katika vidole. Kisha dalali huenda kwa mnunuzi na kufanya vivyo hivyo, akirudi na kwenda, mpaka bei mbili zikutane. Hapo hukipiga kiganja cha muuzaji kwa kiganja chake, kofi moja linalosikiwa na kila mtu, na mnyama huwa ameuzwa. Bei hubaki chini ya shali. Dalali anayeitoa nje hana kazi tena, kwa sababu hakuna atakayempa vidole vyake. Na iko sheria nyingine, ambayo wazee waliiweka ili madalali wasichezee mali za watu: dalali akipiga kiganja bila mnunuzi nyuma yake, basi yeye mwenyewe ndiye mnunuzi. Atauza anachouza, atalipa.

Galgalo hakuwahi kukosea namna hiyo kwa ng'ombe wala kwa mbuzi. Alikosea kwa malka.

Malka ni njia pana ambayo wakulima wa kando ya Mto Tana huiacha wazi kati ya mashamba yao, ili kiangazi kikikaza ng'ombe watoke nyika za mbali na kufika majini. Haina ua wala kibao. Haina mwenyewe. Wapokomo hulima huku na huku, Waorma hupitisha mifugo katikati, na kila mwaka hukaa pamoja kupanga siku ya kuifungua. Malka iliyo jirani na kijiji cha Hewani ilikuwa hivyo tangu kabla ya babu yake Galgalo, na kwa upande wa wafugaji, aliyekwenda kukaa na wakulima kila kiangazi alikuwa Mzee Nuh.

Mtafiti aliyekuja aliitwa Beryl, binti mpole kutoka chuo kikuu Nairobi, mwenye subira ya mtu aliyezoea kukataliwa. Alimwajiri Galgalo awe mkalimani, maana Galgalo alizungumza Kiorma, Kipokomo, Kigiriama na Kisomali kidogo, vyote alivyovichuma mnadani. Njiani alimweleza kazi yake. Wanaopanga mabwawa na mashamba makubwa, alisema, huweka kwenye mizani vile tu vyenye bei: miwa, mpunga, mafuta. Msitu wa mto, samaki wa mafuriko, malisho, malka, havina bei sokoni, kwa hiyo kwenye hesabu zao huonekana kama havipo. Yeye alitaka vionekane. Galgalo aliipenda habari hiyo. Ilimwingia akilini kwamba kazi ya yule binti na kazi yake mwenyewe zilikuwa ndugu.

Mkutano ulifanywa katika banda la wakulima, wafugaji upande mmoja na wakulima upande mwingine. Beryl aliuliza swali lake na Galgalo akalitafsiri: kama kungekuwa na mpango wa kuifunga malka, ulipwe kitu gani ili ujione hukudhulumiwa? Mmoja akauliza kama Madam ana bei ya macho ya mama yake. Mwingine akataja mabilioni, watu wakapiga makofi. Barnabas, mwenyekiti wa wakulima, mtu mwenye maneno makali na shati lililopigwa pasi siku zote, alisema akiambiwa kwanza ni nani anayenunua ndipo atakapokumbuka bei. Banda likaangua kicheko. Beryl naye alitabasamu, lakini Galgalo alimwona akifuta kitu kwenye tableti yake, na akifuta tena.

Hapo ndipo fahari ya kazi ilipompanda kichwani. Alimwambia Beryl kwamba bei inayotajwa mbele za watu ni majigambo, na kwamba ukitaka bei ya kweli ya mtu, muulize vidole. Akavuta shali yake. Wa kwanza akacheka akaurudisha mkono, wa pili vilevile. Mzee Nuh hakucheka. Aliuingiza mkono wake mkavu chini ya shali, akabana.

Vidole vile vilisema bei ya mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa.

Galgalo alitazama uso wa mzee. Na mkono wake, mkono uliofanya kazi ile ile tangu ujana, ukajifanyia mazoea yake: ukatoka chini ya shali ukakipiga kiganja cha Nuh. Kofi likasikika banda zima. Kicheko kikakatika.

Nje, Galgalo alipomnong'oneza ile bei, kwa kuwa swali lilikuwa lake, Beryl alisita. "Ni ndogo sana, Mzee," alisema. "Una hakika?"

"Ndiyo aliyosema."

Akaiandika. Siku chache baadaye alirudi Nairobi, akiwa amewashukuru wote.

Kofi lile lilibaki. Wafugaji walisema Nuh ameuza malka na amekula peke yake. Hakuna aliyemsalimia tena msikitini. Wakulima walisema mnunuzi ni kampuni fulani, na kampuni ikija kuchukua ardhi huwalipa wale ambao mimea yao imo ndani yake. Barnabas, ambaye mafuriko ya mwaka uliotangulia yalimzolea migomba yote, alikuwa wa kwanza kuingia na jembe. Wengine wakamfuata. Pampu ikaletwa. Kabla mwezi haujaisha malka ilikuwa shamba la mahindi ya magotini, kutoka njia ya juu mpaka ukingo wa maji.

Asubuhi ile ya mnada, Mohamed alipokataa mkono wake, simu ya Galgalo ilikuwa imekwisha kulia. Wachungaji walimpigia kutoka nyikani. Mabwawa ya huko yamekauka, walisema, na wamekwisha kugeuza mifugo. Kesho kabla ya adhuhuri watakuwa malkani. Walikuwa wamesikia habari za mahindi. Aliyekuwa akizungumza hakutisha wala hakutukana. Aliuliza tu kama ni kweli, kisha akasema ng'ombe mwenye kiu hajui mahindi ni nini. Galgalo alikuwa mtu mzima wakati ule wa mapigano ya wakulima na wafugaji, ambapo jambo dogo kuliko hilo liliwasha nyumba za pande zote mbili, na hakutaka kuhesabu makaburi mara ya pili.

Alimpigia Beryl. Alimweleza yote isipokuwa bei, maana hiyo Beryl alikuwa nayo tayari. Alimwomba alifute jibu la Nuh, atume barua au atamke hata kwa simu kwamba halipo tena.

"Nikilifuta litabadilisha nini huko, Mzee?" Beryl aliuliza. Sauti yake ilikuwa na huzuni. "Na hapa jibu la mtu mmoja halionekani. Limeshachanganywa na mengine, kutoka sehemu nyingi. Ni wastani."

Galgalo alifikiria maziwa ambayo wanawake humimina katika dumu moja barabarani, ya huyu na ya yule, na kwamba yakishamiminwa hakuna wa kuyatenga.

"Kwani niliuliza vibaya?" Beryl akasema.

"Hukuuliza vibaya, Madam. Salimia nyumbani."

Mchana alikwenda kwa Mzee Nuh. Boma la mzee lilikuwa na miiba iliyoanguka upande mmoja, na hakuna aliyeiinua, kwa kuwa hapakuwa na mnyama wa kutoka. Ukame mkubwa ulimmaliza Nuh. Ng'ombe wake wa mwisho alikufa amelala mlangoni, kichwa ndani, miguu nje.

Nuh alimkaribisha kwenye mkeka. Wakaulizana hali za nyumbani kwa ukamilifu, kama inavyopasa, mmoja akiuliza na mwingine akijibu salama, ingawa hapakuwa na salama.

"Wamekuuliza bei?" Nuh akasema mwishowe.

"Wameuliza."

"Ukasema?"

"Kwani mimi nimezaliwa jana?"

Mzee alitikisa kichwa. Alikuwa akichora mchangani kwa kidole, anafuta, anachora. "Yule binti aliuliza kitu gani kingenitosha. Hakuuliza mto una thamani gani. Mimi nilikuwa na njaa ya mtamba mmoja, Galgalo. Mmoja wa kuanzia. Nikipita kwa boma la mtu nikisikia harufu ya samadi, mate yananitoka. Nilijibu swali."

"Najua."

"Basi kesho nitasimama mbele yao niseme hivyo."

Galgalo aliiona siku hiyo ikija: mzee huyu mbele ya vijana wenye fimbo, akitamka kwamba malka ya babu zao aliipima kwa mtamba. Wasingemsikia zaidi ya hapo. Jina la mtamba wangemwita nalo mpaka kaburini, na wajukuu wake baada yake. Na vidole vile vilikuwa vimeaminiwa kwake yeye, si kwa umati.

"Usiseme kitu," alisema. "Njoo tu, kaa upande wa wafugaji. Mimi ndiye nitakayesema."

"Utasema nini?"

"Nitasema ukweli. Kwamba mnunuzi ni mimi."

Nuh akaacha kuchora. "Mnunuzi hulipa," alisema.

"Hulipa."

Njia yote ya kurudi Galgalo aliizungusha hesabu hiyo, na kila alipoizungusha ilimrudisha mahali pale pale. Akimpelekea Nuh mtamba mmoja mbele ya watu, ameitaja bei kama vile kwa kipaza sauti. Akiongeza kidogo juu ya huyo mmoja, bado watacheka. Palikuwa na njia moja ya kulipa bila mtu kujua bei: kulipa vyote alivyo navyo, ili kila mmoja aseme bei ilikuwa kubwa kiasi hicho na asiwe na la kuuliza. Alikuwa na kundi dogo, lile lililosalia baada ya ukame, na mkewe Sabdio ndiye aliyelijua kila mnyama kwa jina. Maziwa yao, aliyoyauza Sabdio kando ya barabara ya Garsen, ndiyo yaliyoilisha nyumba mwezi ambao mnada haukuwa na kitu.

Alimweleza jioni, wote wawili wamekaa juu ya magogo nje ya boma. Hakumwambia bei ya Nuh, na Sabdio hakuiuliza. Aliuliza kama hakuna njia nyingine. Aliuliza kama hawezi kubakiza hata yule mwekundu mwenye ndama. Kila mara Galgalo alijibu hapana, na kila mara sauti yake ilizidi kuwa ndogo.

"Baba Abdia," Sabdio alisema, "wewe ulipiga kiganja. Mimi sikupiga."

"Kweli."

"Nataka tu ujue kwamba nimelisema."

"Nimesikia, Mama Abdia."

Alfajiri alipokwenda kuwatoa, Sabdio alikuwa kwenye kizuizi cha boma, kibuyu mkononi.

"Ngoja," alisema. "Nikamue kwanza."

Akakamua polepole kuliko siku zote, akiwaita kwa majina, na Galgalo akasimama nje akitazama upande mwingine.

Barnabas na watu wake walikuwa wamefika malkani kabla yake. Walisimama mbele ya mahindi, majembe na mapanga mikononi, wanawake nyuma. Upande wa juu, vumbi lilikuwa limekwisha kuonekana, na chini ya vumbi sauti ya ng'ombe wengi waliosikia harufu ya maji. Wachungaji waliwatangulia mifugo, wakawazuia kwa fimbo na miluzi, na mbele yao alisimama mtu mrefu aliyejifunga kitambaa kichwani, yule wa simu. Nuh alikuwa pembeni, peke yake, nafasi ya watu watatu imeachwa kila upande wake.

Galgalo alipita katikati na ng'ombe wake wachache. Aliwapeleka mpaka kwa Nuh, akawasimamisha hapo.

"Mzee Nuh," alisema kwa sauti ya mnadani, inayofika mbali, "nilipiga kiganja chako na sikuwa na mnunuzi nyuma yangu. Sheria yetu kila mtu anaijua. Nimenunua mimi. Na haya ndiyo malipo yangu."

Wale waliojua ng'ombe, yaani wote, waliona kwamba hilo lilikuwa boma zima la Galgalo. Manung'uniko yalianza upande wa wafugaji, kisha yakageuka kuwa kitu kingine, na mmoja akasogea karibu na Nuh, kisha wa pili. Bei ya namna hiyo haikuwa ya mtu aliyeuza mto kwa siri na kwa tamaa. Ilikuwa bei ya mtu asiyetaka kuuza, iliyomfilisi mnunuzi.

Nuh aliwatazama ng'ombe. Macho yake yalimtafuta mtamba mmoja kati yao, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, yakakaa hapo, kisha yakampandia Galgalo. Midomo yake ilifunguka. Galgalo alimtikisia kichwa kidogo sana. Mzee akafunga mdomo, akaweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe aliyekuwa karibu.

Barnabas akasogea mbele. "Basi kampuni ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mwezi mzima nangoja gari la kampuni." Alipangusa uso kwa kiwiko. "Na mahindi yangu, bwana kampuni? Nani atalipa?"

"Umelima shamba langu bila kuniuliza, Barnabas. Mimi ndiye ningepaswa kukudai."

Mwanamke mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Barnabas mwenyewe alikaza uso, lakini kona ya mdomo ilimsaliti. Walijuana tangu utoto. Mama zao walibadilishana ndizi na maziwa mahali hapa hapa. Aligeuka akayatazama mahindi yake, mstari baada ya mstari, ya kijani kibichi, na kile kilichokuwa karibu kuwa kicheko kikaondoka usoni.

"Nilikopa mafuta ya pampu," alisema, si kwa Galgalo wala kwa mtu yeyote. "Mbegu nilikopa."

Galgalo hakuwa na la kumpa. Mikono yake ilikuwa mitupu kweli kweli. Alisema tu kwamba malka yake anaiacha wazi, kama ilivyokuwa.

Ng'ombe walilia. Mtu mrefu hakuwageukia vijana wake, lakini wote walikuwa wakimtazama. Barnabas akang'oa shina moja, akalitazama mizizi, akalitupa. Akasema wapite kwa mstari, katikati, upana wa ng'ombe wanne, na mwenye fimbo atakayewaacha wasambae, yeye Barnabas atakuwa na neno naye. Mahindi yatakayobaki pembeni yatabaki. Kisha akaondoka njiani, na watu wake wakaondoka, wengine kwa hasira, mmoja akimwambia waziwazi kwamba ameogopa.

Mifugo iliteremka. Kazi ya kuwazuia ilikuwa ngumu, maana majani mabichi yalikuwa huku na huku na kiu mbele, na wachungaji na wakulima walijikuta wamesimama bega kwa bega wakifanya ukuta, wakitukana ng'ombe katika lugha mbili. Mahindi mengi yalikwenda. Si yote.

Mtu mrefu alipopita alisimama karibu na Galgalo. Alimshukuru. Kisha akakunja uso, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa amekwisha kutoka mlangoni.

"Mwaka ujao," alisema, "nikija na ng'ombe, nikuombe wewe ruhusa?"

"Malka haina mwenyewe," Galgalo alisema.

"Ilikuwa haina." Hakusema kwa ubaya. "Leo tumeona ikilipiwa, sisi na wao. Na wewe ukifa? Watoto wako watasemaje? Na akija mwenye gari kweli, atakuja kuzungumza na nani?"

Galgalo alitafuta katika sheria zote za mnada, moja baada ya nyingine, sheria ya kumrudisha mtu hali ya kabla ya kununua, na akakuta kwamba zote zilitungwa kwa vitu vyenye mwenyewe. Mtu mrefu alingoja kwa adabu, kisha akafuata ng'ombe wake.

Chini, wa kwanza walikuwa wamefika majini, wameingia mpaka tumboni, na waliokuja nyuma waliwasukuma mbele zaidi. Tope lilipanda kutoka chini, likatanda, likaenda na mkondo. Upande wa pili wa mto, mwanamke aliyekuwa akichota maji aliliona likija. Akainua ndoo yake, akaishikilia kifuani, akasimama kungoja maji yatulie.